Sare za Kwenda Takawiri

Wiki jana dada yangu aliandika kwamba familia itapanda boti kwenda kula chakula cha jioni Takawiri, na tuvae rasmi. Nilipiga pasi nguo tatu, kisha nikampigia kumuuliza kama kuna jambo ananificha.

Nimekuwa hivi tangu alasiri ile ya utotoni Mama alipotutolea nguo za kitambaa kimoja cha samawati, zikinuka nafthalini. Mara ya mwisho kuvaa sare familia nzima, tulikuwa tunamzika Babu.

"Tunaenda wapi?" niliuliza.

"Hotelini, kisiwani," Mama alijibu. "Acha maswali, nyathina, mwanangu. Huko watu huvaa vizuri."

Botini nilihesabu watu. Dani, nyanya yetu, hakuwepo. Injini ilinguruma, na Baba alishikilia tai yake isipeperuke. Sasa najua Mama aliogopa tu kuchekwa na wageni wa hoteli. Siku hiyo nilijua Dani amekufa na wananificha. Nilikataa hata soda.

Tulipofika, Dani alikuwa ameketi ufukweni kwa dadake, alikotangulia asubuhi, akichambua dagaa wa omena, amejifunga leso yake ya kila siku. Alitutazama mmoja mmoja, mikono ikasimama.

"Otieno," alimuuliza Baba kwa sauti ya chini, "ni nani amekufa?"

Nilimnyooshea kidole yeye, nikaangua kilio.