Plasta za Mgongo kutoka Nakonde

Kazi yangu ni kupakia mahindi kwenye malori hapa Tunduma, kwa hiyo mgongo ndio mtaji wangu. Ulipoanza kuuma nilivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, nikanunua plasta kwa muuzaji aliyesema madereva wanazigombania. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Nikajiambia madereva nao wanaumwa mgongo kama mimi, basi nikawa nabandika moja kila asubuhi, na maumivu yakizidi nabandika mbili.

Usingizi ukapotea. Nikisinzia kidogo, naota ndoto za kutisha mpaka napiga kelele. Kiungulia nacho kikawa kinanichoma kifua. Wiki hiyohiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ileje, na yeye ndiye aliyekuwa anapika. Nikapata wa kumlaumu. Nilimwambia mke wangu kwamba tangu mama yake aingie, nyumba hii imebadilika, na maharage yake siyali tena. Mama alikuwa uani, akasikia. Aliendelea kuchambua maharage.

Nilipozidiwa, ni yeye aliyenisindikiza zahanati. Muuguzi akaniambia nivue shati, akabandua plasta na kusoma maandishi yake.

"Baba, unavuta sigara ngapi kwa siku?"

"Sijawahi kuvuta."

"Hizi ni za watu wanaoacha sigara. Zina sumu ileile ya tumbaku. Ndiyo inayokunyima usingizi na kukuletea kiungulia."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, kwa heshima, kwa kuwa sikuwa na shati.

"Mkwe wangu," akasema bila kugeuka, "leo nikupikie nini?"