Swichi ya Bafuni kwa Bwana Mhandisi

Harufu ya saruji iliyomwagiwa maji ya moto bado inanikasirisha. Wenzangu husema harufu za utotoni huwalainisha moyo. Hii yangu hunikunja uso. Nikiisikia tu, narudi nyuma ya nyumba ya Bwana Mhandisi, karibu na stesheni ya Dodoma, siku za Mjerumani. Mimi binti mdogo nimekaa juu ya debe lililopinduliwa, vumbi la kiangazi limenijaa puani, namsubiri baba amalize kazi. Baba alikuwa boi wa nyumba ile. Kila magharibi alichemsha maji kwa kuni, akayabeba hadi bafuni, akajaza hodhi la bati, kisha akawasha taa. Taa yenyewe haikuwa ya mafuta. Bwana Mhandisi alikuwa amevuta waya kutoka kwenye mashine iliyosukuma maji ya magari moshi, na sisi hatukujua nyumba nyingine pale mjini yenye taa ya namna hiyo.

Swichi ilikuwa ya kuzungusha, yenye kifuniko cha shaba. Bwana aliifunga ndani ya bafu, juu kidogo ya hodhi, mahali ambapo maji yaliruka kila siku na ukuta haukupata kukauka. Kwa nini pale? Kwa sababu palimpendeza, basi. Tena aliweka amri kwamba mtumishi asiingie ndani na viatu. Kwa hiyo baba aliacha makubazi yake mlangoni, akakanyaga sakafu iliyolowa kwa miguu mitupu, mikono inachuruzika maji, akashika shaba ile. Siku nyingine hakuna lililotokea. Siku nyingine umeme ulimpiga, akarudi nyumbani, hata kumega ugali ni kazi.

Alisema. Nataka hilo lijulikane, maana watu hudhani wazee wetu walikuwa wakinyamaza tu. Alimwambia, "Bwana, kile kitu cha ukutani kinapiga." Bwana akaenda bafuni na mabuti yake yenye soli nene, mikono mikavu, akaizungusha mara tatu mbele ya baba. "Hakuna kitu. Wewe mwongo." Mpaka leo sijui kama alikuwa mjinga au alijifanya, mtu aliyesomea mashine hizo hizo. Baba, ambaye hakusomea chochote, aligundua mwenyewe kwamba akisimama juu ya ubao mkavu hapigwi. Akaokota kifuniko cha sanduku kule stesheni, akakiweka sakafuni chini ya swichi, akafanya kazi kwa amani siku nne. Siku ya tano Bwana akakiona, akakipiga teke hadi nje, eti kinachafua sakafu yake. Jioni ile ile umeme ukampiga baba akiwa ameshika jagi la kaure kwa mkono wa pili. Jagi likavunjika. Asubuhi yake akachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kuvunja chombo na kwa kusema uongo.

Walimleta nyumbani wamemshika mabega. Mama alimpaka samli, na mimi nilichukia hata mlio wa gari moshi. Jua lilipokuwa linazama, mama akanituma nikachukue makubazi ya baba yaliyokuwa yamebaki mlangoni kwa Bwana. Nilikuwa nimeinama kuyaokota niliposikia kutoka bafuni yowe ambalo sikudhani mtu mzima angeweza kulitoa. Mpishi akanipita mbio kwenda kuona. Bwana alikuwa amewasha taa mwenyewe kabla ya kuvua mabuti, sasa amemaliza kuoga, na boi wa kumzimia hayupo, amelala kifudifudi kwetu. Basi alitoka majini mwenyewe akanyoosha mkono kwenye swichi. Nilikimbia na makubazi kifuani, nikamweleza baba. Uso kwenye mkeka, akasema, "Kwa hiyo leo amevua viatu."

Kesho yake ukuta ulitobolewa, swichi ikahamishiwa nje ya mlango wa bafu, mbali na maji. Kazi ya asubuhi moja tu. Miezi yote ile ya baba kupigwa haikutosha, ila Bwana kupigwa mara moja kulitosha kabisa. Hakuna aliyempa baba pole, hakuna aliyesema kwamba hakuwa mwongo. Majeraha yalipokauka alirudi kuchemsha maji.

Sasa mimi ni bibi mwenye nyumba Chang'ombe, na umeme umefika mtaani kwetu. Bendera ya Mjerumani iliteremshwa zamani, kiboko kimebaki katika masimulizi. Lakini majuzi fundi, kijana mpole aliyeniamkia vizuri, alifunga swichi ya bafu ndani, karibu na bomba, ili asitumie waya mrefu. Nikamwambia aihamishie nje. "Bibi, haina neno," akasema, akaibonyeza mara tatu, amevaa viatu vyake vya matairi. Mara tatu, vile vile. Damu ilinichemka. Nikafungua bomba, nikaacha maji yatapakae sakafuni, nikamwambia, "Haya, mjukuu wangu. Vua viatu, lowesha mikono, uwashe tena."

Aliitazama sakafu, akaitazama swichi. Kisha akachukua bisibisi, akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima, akarudi kuing'oa.