Msuli Usioshikika

Kinyozi aliponiuliza, "Mzee, na shingo tuilize?" nilipaswa kusema hapana na kurudi kwenye cherehani yangu. Nilisema ndiyo. Hapa Mabatini vinyozi wengi wakishanyoa hukukanda mabega, kisha hukamata kidevu na kisogo, wakazungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Watu husema uchovu umetoka.

Shingo ilikuwa ikiniuma kwa muda mrefu, maana fundi cherehani huishi ameinama. Wiki ileile mke wangu alikuwa amenipeleka hospitali, kwa binti wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Naomba dawa ya kuchua."

"Msuli wako wenye shida hauchuliki, babu."

Akaeleza kwamba uko ndani kabisa, umelala mbele ya pingili za shingo, nyuma ya koo na njia ya chakula, ukishuka hadi pingili za juu za kifua. Kazi yake ni kuinamisha shingo na kuzishikilia pingili zisiyumbe. Wangu ulikuwa umelegea, misuli ya nje ikabeba mzigo usio wake, ndiyo maana ikauma. Nilale chali, nivute kidevu kidogo kama mtu anayekubali jambo, nishikilie, niachie.

Nilimtazama vizuri. Mimi kitambaa nakijua kwa vidole. Anayekisifia kabla sijakigusa, najua ana lake. Na huyu ananisimulia msuli ambao hata yeye hawezi kuugusa!

"Na mtu asikuzungushe shingo," aliongeza. "Huo mkono wa kulia una ganzi. Huenda pingili zimeubana mshipa wa fahamu."

Hapo nikamshuku zaidi. Amewajuaje wazungusha shingo wa mtaani, kama si wivu wa biashara? Hadi tunafika nyumbani nilikuwa namshuku na mke wangu, kwamba wamepanga niache kazi.

"Umefanya ile ya kidevu?" aliniuliza jioni.

"Nimefanya."

"Saa ngapi, na kitanda hakijaguswa tangu nikitandike?"

"Kwa hiyo unanipeleleza?"

"Ndiyo. Umeoa askari."

Kwa kinyozi hali ilikuwa nyingine. Kidole chake kilifika moja kwa moja begani. "Hapa pana fundo, mzee." Nikapeleka changu, kweli lilikuwepo. Nikamwamini. Akakamata kidevu.

Ka!

"Imetoka hiyo!" wateja wakashangilia. Nami nilicheka, kabla moto haujashuka kutoka shingoni hadi kwenye kidole gumba. Nilipotaka kuvaa kofia, mkono haukuinuka.

Hospitali walipiga picha, kisha wakanipasua kuuondolea mshipa ule mgandamizo. Yule binti hakunisema. Alinifundisha upya kuvuta kidevu, na sasa nafanya kila asubuhi, shingo imetulia. Mkono wa kulia haukurudi. Siwezi kushika mkasi, na ushonaji ndiyo kazi pekee niliyowahi kuijua.