Kadi ya Picha na Betri za Majirani

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, shahada yangu ikiwa bado mpya na majivuno yake yakiwa mengi. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Aliyeitumia ni katibu muhtasi wetu, mama mtu mzima aliyetupigia taipu tangu shule ilipofunguliwa. Macho yake yalikuwa yamedhoofika. Alisoma maandishi ya kijani ya kioo kidogo cha kompyuta ile pua ikikaribia kukigusa, na mitihani ilianza kutoka na makosa. Mkuu wa shule alikwisha kusema kwamba muhula ukiisha atamwombea kustaafu mapema.

Ndipo wafadhili wa kanisa wakatuletea kioo kikubwa cha rangi, pamoja na kadi ya picha ya kupachikwa ndani ya kompyuta. Kwa kioo kile herufi zingeweza kukuzwa, na mama angebaki kazini. Barua iliyofuatana na mzigo ilionya jambo moja tu: tuhakikishe kwanza kwamba umeme unatosha.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Niliifungua kompyuta kwa bisibisi, nikasoma kibandiko cha pawa saplai, kile kisanduku cha bati kinachogawa umeme ndani ya mashine: wati mia mbili. Nikajumlisha diski, ubao mkuu, kadi mpya na kioo kipya. Jumla ikapita mia mbili. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba haiwezekani. Sikuirudia hesabu, niliona aibu kurudia kujumlisha kama mtoto wa darasa la tatu.

Mchana ule mama alinifuata maabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umenistaafisha."

"Si mimi, mama. Ni wati."

"Hebu nizione hizo wati."

Nikampa karatasi. Aliisogeza machoni, akaisoma polepole, kisha akakigeukia kioo kipya na kuushika waya uliotoka mgongoni mwake.

"Hiki kina waya wake, unakwenda ukutani. Mbona wewe unakilisha kutoka kwenye kisanduku?"

Nikaichukua tena karatasi. Nikakiondoa kioo kwenye jumla, na kisanduku kikabaki na nafasi ya kutosha. Lakini mzigo wa umeme haukutoweka. Ulihamia kwenye jenereta ya shule, iliyolisha plagi za ukutani, na jenereta haikutubeba sisi peke yetu. Kwetu, mwenye jenereta hamwambii jirani arudi nyumbani na betri yake. Kila alasiri wanaume walipanga betri za redio barazani zichajiwe, maana vinginevyo wangezipeleka kwa baiskeli hadi Omurushaka. Hata mkuu wa shule hakuwahi kumkatalia mtu.

"Leo ziko ngapi?" mama akauliza.

"Saba."

"Zikiwepo, kitawaka?"

"Sidhani."

Akatoka mwenyewe. Nilimsikia barazani akiwaambia kwamba anazichomoa.

"Mama, siku hizi umeme wote wa Karagwe ni wako?" mmoja akamtania. "Redio yangu imezima tangu Jumapili, hata matangazo ya vifo siyapati."

"Akifa mtu nitakuja kukutangazia mwenyewe."

Wakacheka, ila si wote. Mmoja aliifunga betri yake kwenye baiskeli akaondoka bila kuaga.

Nikapachika kadi, tukawasha. Jenereta ilishuka sauti, ikasita, kisha ikatulia. Kioo kikajaa mwanga. Nilipokuza herufi, mama alikaa wima, mikono mapajani, akasoma swali la kwanza la mtihani wa kidato cha pili, halafu la pili, bila kuinama.

"Sasa mwandikie mkuu," akasema.

Nilianza kumtajia maneno ya barua huku yeye akipiga taipu: kwamba kutokana na uchunguzi wa kina zaidi, na kwa kuzingatia mazingira... Akasimamisha vidole, akafuta yote, akaandika sentensi moja: hesabu ya kwanza ilikosewa, umeme unatosha, betri za majirani zipangiwe siku zake.

Nikaisoma nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake, herufi kubwa kiasi kwamba sikuweza kujifanya sikuziona, nikaichapa, nikatia saini.