Mama Aliyetufungulia Ghuba

Wasomaji wangu, yule mama wa karibu na Usenge, mkausha omena, dagaa wa ziwa letu, ametutoka. Habari nilizipata Katito, nimesimama kwa muuza mtama, na aliyeniambia alidhani najua. Aliniuliza tu, "Mzee, mazishini mtaenda na gari gani?" Nikakaa juu ya gunia la watu bila kuomba ruhusa. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka, maana nilikumbuka alivyonisema mwaka ule gugu maji lilipoziba ghuba yetu.

Liliziba kabisa. Mashua zilikaa nchi kavu, na yeye, mjane mwenye watoto watano, hakuwa na samaki wa kukausha. Msimu mmoja zaidi wa namna hiyo, angerudi kwa kaka zake kuomba kipande cha shamba. Tukaita mkutano, na kila mtu akaja na adui wake. Wavuvi walilaumu gugu. Bwana wa samaki, ofisa wa serikali aliyekuja na gari kutoka Milimani kule Kisumu, alilaumu kokoro, wavu ule unaokokotwa mpaka ufuoni ukizoa hata vifaranga. Mimi nililaumu mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, kwa sababu mbuta hakuwa na mtu wa kumtetea pale.

Tukaanza na gugu. Tuling'oa kwa mapanga na mikono wiki tatu, na maji yalipoonekana tukaimba. Yeye peke yake hakuimba. "Fungeni kokoro kwanza," alisema. "Watoto wa ngege, samaki wetu wa sufuria, walikuwa wamejificha chini ya gugu. Sasa mmewavua nguo." Tukamwambia, mama, wacha maneno mengi. Kesho yake kokoro zikapita palepale, zikazoa ngege wadogo kama vidole, tukawala kwa furaha. Baada ya hapo, hakuna kitu. Mvua ikanyesha, gugu likarudi nene kuliko la kwanza.

Hapo ndipo alipokuja kwangu. Sasa nikiri: mimi nilikuwa nimechoma mafunjo pale mto unapoingia ziwani, nikapanda sukuma wiki. Niliishia darasa la tatu, vipimo vya mbolea sivijui, kwa hiyo nilimwaga tu.

"Jaduong', mzee wangu, mboga zako nzuri sana," alisema.

"Asante, mama."

"Gugu nalo linakushukuru. Mvua ikija, udongo wako na mbolea yako ndiyo chakula chake. Sisi tunang'oa huku, wewe unapalilia kule."

"Mimi peke yangu? Na majirani? Na uchafu wa mji mzima wa Kisumu?"

"Kisumu siwezi kuishika kola. Wewe uko hapa."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikang'oa sukuma yangu yote, majirani wakinicheka, mpaka yeye alipohamia kwenye bustani zao, nao wakang'oa. Mafunjo yakaota tena. Na kokoro je? Kwetu kila mashua ina akina mama wake wa kununua. Aliwazungukia wote, wakakataa samaki wa kokoro. Mvuvi mmoja alikaa na samaki wake mpaka wakanuka, akimwita mchawi. Mama akamjibu, "Mchawi gani anayetaka upate kula mwaka ujao?"

Tukang'oa gugu mara ya pili, safari hii mambo yote matatu kwa pamoja. Mvua zilipokuja, maji mekundu ya mto yalifika kwenye mafunjo yakapunguza hasira, yakaacha udongo wake hapo. Na ngege walirudi, jamani, wapana kama kiganja changu! Karai la kwanza alinunua yeye, akalibeba kichwani akipita polepole mbele ya kila aliyemcheka. Kwangu alisimama kabisa, akageuka huku na huku ili nione vizuri.

Ziwa zima halijapona, sitawadanganya. Lakini ghuba ile iko wazi, na watoto wake watano walikulia pale. Alinifundisha kwamba maovu tunayolifanyia ziwa hayafanyi kazi kila moja peke yake. Yanasaidiana, na ukipiga moja tu, mengine yanapata nafasi. Kwa hiyo yapige pamoja. Na kama hujui uanzie wapi, anza na lile usilolitaja mkutanoni kwa sababu ni lako.