Quindarius Mabry, mchezaji aliyeidai Jumanne yake

Ni Jumanne mchana, jua la Mississippi linawaka kama limetumwa. Quindarius Mabry amesimama nyuma ya ng'ombe mweusi kwenye shamba la chuo kikuu, mkono wake umezama hadi kwapani.

"Unagusa nini?" mwalimu anauliza.

"Kwato mbili. Na mdomo." Ghafla anaruka kidogo. "Profesa, ananinyonya kidole! Hata hajazaliwa, anadai chakula!"

Darasa zima linaangua kicheko. Ng'ambo ya barabara filimbi inalia. Wenzake wanafanya mazoezi ya mpira wa Kimarekani, na pengo lake kwenye safu ya mbele linaonekana, kwa sababu mtu wa kilo mia na arobaini hakosekani kimyakimya.

Jumanne hii hakuipata kwa urahisi.

Quindarius, mwenye umri wa miaka 22, alikulia katika mji mdogo wa Delta, eneo la mashamba la Mississippi. Mama yake, Verdell, ni mpishi katika makao ya wazee, na babu alifuga nguruwe nyuma ya nyumba. Akiwa mtoto alijua nguruwe mgonjwa kwa kumtazama masikio, na tangu hapo akataka kuwa daktari wa wanyama.

Mpira ndio uliomfungulia mlango wa chuo. Kocha Hutchens alifunga safari hadi nyumbani kwao kumwomba ajiunge na timu. Alikaribishwa kambare wa kukaanga, akala, akamwahidi Verdell kwamba mwanawe atasoma anachotaka.

Alipofika chuoni, mshauri wa masomo wa wanamichezo alimpokea kwa tabasamu. "Usijichoshe, mwanangu. Chukua Uongozi wa Michezo. Wenzako wote wapo huko."

Quindarius akawatazama hao wenzake. Karibu wote walikuwa weusi kama yeye, wametoka nyumba kama ya kwake. Maabara ya wanyama, aliambiwa, ni Jumanne mchana, na Jumanne mchana ni ya mazoezi.

"Hakunitukana," anasema sasa. "Hilo ndilo lililoniuma. Alidhani ananihurumia."

Kwa miaka miwili akasoma asichokipenda. Alifaulu, lakini alikuwa akisinzia darasani kama mlinzi wa zamu.

Mambo yaligeuka mezani, wakati wa chakula. Alikuwa akimlalamikia Preston Ashcraft, mzungu anayeishi naye chumba kimoja, ambaye kazi yake katika timu ni kupiga mpira kwa mguu, na hufanya mazoezi kando na wengine. Baba yake Preston ni daktari wa moyo.

"Si uende tu?" Preston akamwambia. "Mimi Jumanne siji. Nina maabara ya kemia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Baba alimpigia kocha simu."

Uma wa Quindarius ukabaki hewani. "Alimpigia? Kwani kocha anapigiwa?"

Preston akawa mwekundu hadi masikioni. "Nilidhani kila mzazi anapiga."

Kesho yake Quindarius akabisha hodi kwa kocha. Hutchens hakumzungusha. "Preston ana mguu tu. Wewe ni ukuta wangu, kijana. Ukuta hauombi ruhusa."

Quindarius akampigia mama yake simu, si kwa kushtaki, ila kupunguza machungu. Verdell akasema, "Kumbe kuna namba ya kupiga! Nipe."

"Mama, tafadhali, usije ukani—"

"Namba, Quindarius."

Mazungumzo yaliyofuata Hutchens mwenyewe huyasimulia akicheka.

"Hujambo kocha? Ni Verdell Mabry. Wale kambare uliwaonaje?"

"Watamu sana, mama."

"Ulikula sahani tatu."

"Ni kweli, mama."

"Na ile ya tatu ikiwa mkononi ukaniambia mwanangu atasoma anachotaka. Sasa, baba, chagua. Nipe Jumanne ya mwanangu, au nirudishie samaki wangu."

Hutchens anafuta macho. "Wazazi wenye nafasi zao wamenipigia miaka yote, nami nikawasikiliza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wa akina Quin hawapigi. Nilidhani wameridhika."

Jumanne ikapatikana, ingawa si bure. Msimu ulipoanza Quindarius alikuwa kwenye benchi, uwanja umejaa, mashabiki wakiulizana kama ameumia. Alifidia kwa mazoezi ya alfajiri Jumatano, akisukuma toroli la vyuma peke yake. Oktoba ndipo aliporudishwa kwenye nafasi yake.

Darasani nako kulikuwa na yake. Siku ya kwanza msichana mmoja, Maren, alimwomba asogeze meza, akidhani ni kibarua. Akazisogeza zote, kisha akaketi kwenye mojawapo na kufungua kitabu.

"Alitamani ardhi ipasuke immeze," Quindarius anasema. "Sasa tuko kundi moja. Kila kukiwa na meza ya kubeba, namwita yeye."

Tangu hapo wachezaji watatu weusi wamehamia masomo waliyokuwa wakiyaona kwa mbali tu, mmoja wao uuguzi. "Mama Mabry ametuharibia kocha," Preston anatania. "Siku hizi simu yake ikilia tu, anasimama wima."

Mwezi uliopita Quindarius alipata nafasi ya kusomea udaktari wa wanyama. Timu za kulipwa zikimwita atasikiliza, anasema, lakini magoti yana mwisho na ng'ombe hawaishi kuzaa. Ndoto yake ni kufungua kliniki mjini kwao, ambako daktari wa wanyama aliye karibu yuko mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari.

Tatizo ni kwamba Verdell amekwisha kutangaza kanisani. Likizo iliyopita kijana aliamka akakuta foleni barazani: mbwa wawili, mbuzi, na bata mzinga aliyefungwa miguu.

"Mama, sijafuzu bado!"

"Watazame tu, mwanangu, hawaumi," Verdell akamjibu, akiwamiminia wageni kahawa. Leo, akisimulia hayo nyumbani kwake, anamgeukia mwandishi wa habari hizi. "Na huko chuoni waambie wamharakishe. Baraza yangu inageuka zizi."