Kitanda Kipite Kwanza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila mvua kubwa ikinyesha hapa Mjambere hunirudia bila kuitwa. Nitakusimulia, ila univumilie nianzie mbali kidogo. Mimi ni mtu wa kukaa, na mtu wa kukaa hana haraka hata katika masimulizi.

Wazazi wangu waliniita Safari. Sijui waliwaza nini. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na tangu hapo ukinitafuta unanikuta. Kuvuka daraja la Nyali kwenda kisiwani kwangu ni jambo la kuagwa na majirani. Mke wangu Mbeyu huwaambia wageni kwamba mwizi akija kutuibia vyombo itabidi anibebe na mimi, kwa vile siku nyingi nimehesabiwa humo.

Basi ujanani nilipewa kazi iliyonifaa: kulala kitandani. Usicheke, ilikuwa kazi ya mtaa mzima. Enzi hizo hapa palikuwa na mikorosho na nyumba za udongo zilizoachana, na mkubwa wetu alikuwa Mzee Karisa, ambaye ndiye aliyetangulia kujenga. Alituwekea desturi yake. Mtu akitaka kujenga, kabla hajachimba msingi, anavuta uzi pale ukuta utakapofika. Mzee Karisa analeta kitanda chake cha kamba, mtu analala juu yake, na vijana wanne wanakibeba, kila mmoja mguu wake, wapite nacho kati ya ule uzi na nyumba ya jirani. Wakipita bila mtu kukwaruzwa bega, chimba. Wakigusa, sogeza uzi. Hapakuwa na karatasi wala muhuri.

Na nani alale? "Mwiteni Safari, yeye amezoea." Nikawa nabebwa natazama mawingu huku watu wakipiga kelele: "Jamani, maiti inacheka!" Mwingine: "Mpitilizeni hadi ng'ambo, angalau akauone mji!"

Ikafika zamu ya Charo. Charo alikuwa rika langu, akifanya kazi kiwandani huko Changamwe, na alikuwa ameona mbali kuliko sisi. Watu wa bara walikuwa wakija kwa wingi kufanya kazi bandarini, wakitafuta vyumba vya kupanga. Kila mwenye kiwanja alishaanza kuota vyumba. Charo akavuta uzi wake, tukaja na kitanda. Wabebaji wakakwama.

"Basi wabebe wawili," Charo akasema, "mmoja mbele, mmoja nyuma."

Wakabeba wawili. Nikapita nikiwa nimekunja viwiko, mbao zikisugua udongo wa ukuta wa jirani.

"Si kimepita, Mzee?"

"Kitanda kimepita," Mzee Karisa akajibu. "Mgonjwa mzito atabebwa na hao wawili? Na akianza kutapika njiani, atashikwa na nani?"

"Ah, Mzee nawe! Wagonjwa wa siku hizi wanapanda gari."

"Gari litaingia hapa?"

"Litamngoja barabarani, atalifuata kwa miguu. Wallahi hata huyu Safari, ukimnyima chakula, utashangaa atakavyotembea!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, huko huko juu ya kitanda. Mzee Karisa akatutazama mmoja mmoja, akingoja mtu aseme neno. Kila mmoja alikuwa na uzi wake kichwani. Mzee akaniambia nishuke, akajitwika kitanda chake, akaenda zake. Hakukileta tena, na Charo akachimba msingi pale pale.

Wa pili akapimia ukuta wa Charo. Wa tatu akapimia wa pili. Huyu akatoa ngazi, yule akaweka tangi la maji, na mwingine akachimba shimo la choo kwenye njia yenyewe, akalifunika kwa zege na kutuambia tupite juu, ni imara. Mikokoteni ya maji ikawa inaishia barabarani. Gari la kunyonya vyoo lilikuja mara moja; dereva akachungulia kichochoro, akaupima mpira wake kwa macho, akapiga honi ya kuaga. Tangu hapo mashimo yakijaa, yamejaa. Mvua ikinyesha yanafurika na kutembelea nyumba za watu, na mgeni huyo hana hodi.

Dada yangu mdogo, Kadzo, alikuwa amepanga vyumba vya ndani kabisa ya kichochoro hicho. Yeye ndiye aliyerithi miguu yote ya ukoo wetu. Aliuza mbaazi na mahamri kando ya barabara, na akirudi hupitia kwangu na yaliyobaki. "Kaka," huniuliza, "mdomo utaufungua mwenyewe, au na hilo nikusaidie?"

Msimu mmoja wa masika kipindupindu kikamwingia. Alianza kuharisha alfajiri, akaficha, akidhani kitakoma. Kufika mchana hawezi kusimama, macho yamezama, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya bibi kizee. Tukamwinua na kitanda chake. Mbele alishika Charo. Alikuja mbio aliposikia, na hilo simnyimi. Nyuma nilishika mimi.

Tulikwama penye tangi. Tukarudi nyuma, tukakiinamisha kitanda, Kadzo akateleza, tukakilaza tena. Mwenye tangi alikuwa kazini, nalo limejaa, halisogei. Mwishowe tukamtoa kitandani tukamfunga katika leso, nikambeba mimi, Charo akiniongoza mbele. Yale maji yalikuwa yametufika juu ya vifundo, na unajua ni maji gani.

"Kaka," akaninong'oneza, "usinidondoshe humu."

"Sikudondoshi."

Penye lile zege la choo mguu ukateleza. Nilimdondosha.

Tukamwokota. Tukatoka. Tuktuk ilikuwa pale barabarani, dereva ameshawasha injini. Nilimwita Kadzo tukiwa tunampandisha, hakuitika. Nikamwita tena tukiwa njiani. Hospitalini hawakuwa na la kufanya ila kutuonyesha pa kumweka.

Kwenye matanga Mzee Karisa alikuja na mkongojo. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee," akatuitikia kwa shida. Charo akapiga magoti mbele yake. "Mzee, turudishie kile kitanda. Mimi naanza kuvunja kwangu."

"Utavunja wewe. Na hawa?" Akatuzungushia macho. Kila mmoja akatazama vidole vya miguu yake. "Mwataka nirudi niwaonee haya kwa niaba yenu? Hapo ndipo nilipokosea. Njia nzima niliiweka mdomoni mwangu. Nilipochoka kusema, nayo ikafungwa. Ilitakiwa ichorwe, ipigwe muhuri, iwekewe mawe ya mpaka, nyinyi mkiwa bado hamjajua utamu wa kodi ya nyumba."

Kisha akanigeukia. "Nawe Safari. Juu ya kitanda kile hukubeba kitu. Siku ile ulikuwa na nafasi ya kusema. Ukacheka."

 

Charo alivunja kweli, chumba kizima cha mbele. Jirani yake akasema atavunja akivunja mwenzake, na mwenzake akasema vivyo hivyo. Lile pengo la Charo likawa pa kuegesha pikipiki. Mzee Karisa alipofariki, jeneza lake tulilipitisha likiwa limesimamishwa wima, na watu wazima wakageuza nyuso.

Mwanangu, sasa kaunti inachora ramani ya mitaa yetu, nao huita vikao tutoe maoni. Kikao kilichopita nilikwenda mimi, kwa miguu yangu, Mbeyu akanisindikiza kwa vigelegele. Vijana sikuwaona. Niliwaona wenye vyumba, wamejaa viti vya mbele, kila mmoja akiomba njia ipanuliwe upande wa mwenziwe. Nilisimama nikasema langu. Waliandika, wakasema litaangaliwa. Siwezi kukuahidi kwamba utafurahi na majibu yao, mimi sijafurahi.

Nenda hata hivyo. Nenda na wenzako, mkae mbele. Dai ramani uione kwa macho yako, uulize gari la wagonjwa litapita wapi, la kunyonya vyoo litasimama wapi, maji ya mvua yataelekea wapi. Dai njia iwekewe mawe kabla viwanja havijauzwa, maana ukuta ukishasimama una mpangaji, na mpangaji ana watoto, na hutapata wa kuuvunja. Ukinunua kiwanja, kwanza tembea njia yake yote ukiwa na mzigo. Na wakikucheka, waache wacheke, wewe maliza unachosema.

Kadzo aliacha binti, nimemlea mimi. Juzi aliniuliza, "Mjomba, kwani hospitali ilikuwa mbali?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Ilikuwa karibu." Akaendelea kunitazama, akingoja nimalizie.

Mungu akupe umri na afya, mwanangu, akupe nyumba inayofikika. Na akuepushe usije ukatazamwa hivyo na mtoto wa marehemu.